Mabafu Tisa na Mkono wa Baba

Jumatatu, 3 Juni

Barua imekuja! Nimeisoma nimesimama mlangoni, mwavuli bado uko wazi kichwani, mpaka mume wangu akauliza kama paa linavuja. Wamenikubalia! Mkaguzi atakuja tarehe tisa Julai kuiangalia kazi yangu, na akiridhika, mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane ninayetembea na spana kwenye mkoba wa mkono, nitakuwa fundi bomba mwenye leseni ya maji moto. Furaha imenizidi mpaka nimenunua daftari. Nikimsimulia mtu kila siku nitamchosha, basi acha nilichoshe daftari.

Tuelewane tangu mwanzo. Karakana ni ya Baba, mtaa mzima unamwita Mzee Spana. Kazi hii ameifanya miaka arobaini, nami niko naye kumi na mitano. Mwaka huu sheria imebadilika: asiye na leseni haruhusiwi kufunga hita wala koki ya bafu la maji moto. Baba hana, na mtihani amekataa kuufanya. Anasema hawezi kuulizwa maswali na watu aliowafungia vyoo wakiwa bado wananyonya. Kwa hiyo nimeufanya mimi. Wa karatasi nimefaulu, umebaki wa mikono: nyumba moja kamili, hita na mabafu yote. Yakipita yote, karakana inaendelea. Likikataa hata moja, narudi mwakani, na mwaka mzima tutakuwa watu wa kuzibua masinki.

Nyumba yenyewe ni ya Sista, nesi mstaafu anayeigeuza kuwa makao ya wazee. Ina mabafu tisa. Tisa! Lingekuwa bafu moja tu mtu angelala usingizi.

Jumanne, 4 Juni

Mvua tangu asubuhi. Tumepakua mabomba. Nimelowa hadi soksi na bado nacheka peke yangu.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimemsomea Baba kitabu cha kanuni wakati anakata bomba. Nakibeba nimekifunga kwenye nailoni kama mkate. Yeye anakiita kitabu changu cha mapishi.

"Maji ndani ya tangi, nyuzi sitini," nikasoma. "Yakipoa zaidi ya hapo vijidudu vinazaliana."

"Hilo najua."

"Maji yanayomfikia mtu bafuni, yasizidi nyuzi arobaini na tisa. Na Sista kwa wazee wake anataka arobaini na tatu, ngozi zao ni nyepesi."

"Hilo najua bila namba. Mkono huu hapa." Akauinua mkono wake wa kulia, mweusi wa grisi.

Na kweli, mkono wa Baba una jina lake mjini. Ndani ya kila koki ya shawa, chini ya mshikio, kuna pete yenye kijino cha plastiki. Ukiipanga vizuri na kukaza skrubu yake, kijino kinauzuia mshikio usifike mwisho wa upande wa moto, hata aoge nani, hata azungushe kwa hasira. Baba huipanga hivi: anafungua moto mpaka mwisho, anaweka mkono chini ya maji, anahesabu taratibu hadi kumi. Akifika kumi bila kuuondoa, maji ni ya kuogea. Akiuondoa kabla, anarudisha kijino nyuma. Nilipokuwa na miaka saba aliuweka mkono wangu pembeni ya wake, tukahesabu pamoja, nami nikajiona mtu mkubwa kuliko walimu wangu wote.

Lakini mkaguzi hatakuja na mkono, atakuja na kipimajoto. Nami nimenunua changu, kizuri, chenye sindano ya chuma na kioo cha namba. Nimekilaza juu ya kabati kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Juni

Tumegombana kidogo, mimi na Baba, kwa sababu ya bomba la koki ya usalama. Koki hii hukaa ubavuni mwa tangi, ili maji yakichemka kupita kiasi ipumue, tangi lisipasuke. Bomba lake la kutolea maji nilikuwa nimelikatisha juu kwa juu, nikalielekeza kwenye karo, nikaona nimemaliza.

"Toa," akasema Baba.

"Baba, maji yanatoka vizuri."

"Toa, mama. Lishuke chini moja kwa moja, lisipande popote, litokee nje, shibiri moja juu ya ardhi, mdomo wazi. Na asiweke mtu koki wala kizibo pale mdomoni."

Akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia miaka yote hii. Rafiki yake wa ujanani, fundi mwenzake, alichoshwa na bomba kama hilo lililokuwa linadondosha matone, akalizibia kizibo. Tangi lilipaa na paa. Rafiki alinusurika, lakini sikio moja halikusikia tena.

Nikatoa, nikafunga upya, nikanung'unika saa nzima. Jioni nimefungua kitabu cha mapishi. Ukurasa wa thelathini na mbili, neno kwa neno kama alivyosema mzee. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Juni

Nimepita kwa wazazi asubuhi. Nikamkuta Mama anamfunga Baba vifungo vya shati, kimoja kimoja, naye amenyanyua kidevu kama bwana harusi. Nikawatania: "Makubwa! Mapenzi ya uzeeni haya!" Mama akacheka. Baba hakucheka.

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Baba ameangusha skrubu nne bafu la pili, akazitukana skrubu kwamba siku hizi wanazitengeneza ndogo. Hizo hizo za siku zote.

Alhamisi, 13 Juni

MAJI MOTO!

Tumewasha hita saa tatu asubuhi. Tukakaa chini wote wawili tukiliangalia tangi kama watu wanaosubiri ndugu kituoni. Saa sita na nusu nimefungua koki ya bafu la kwanza: baridi, baridi, vuguvugu, halafu mvuke! Nikapiga kelele mpaka Sista akaja mbio na miwani mkononi akidhani nimeungua. Akasimama anauangalia mvuke, akafuta macho, akasema ana wazee wanane wanaosubiri na mmoja wao hajaoga maji moto tangu mkewe afariki, hana nguvu ya kubeba ndoo.

Chai ilipoletwa ilikuwa ya kuchemka, vikombe vya bati. Mimi nikashika changu kwa upindo wa gauni. Baba akashika chake kiganja kizima, akaongea na Sista dakika tano bila kukiweka chini. Mkono wa chuma, mzee yule.

Ijumaa, 14 Juni

Mabafu matatu ya kwanza nimeyapanga mwenyewe kwa kipimajoto. Arobaini na tatu, arobaini na tatu, arobaini na tatu. Nimeandika kwa chaki nyuma ya kila mlango. Kesho Baba yuko peke yake, mimi nina harusi ya wifi.

Jumatatu, 17 Juni

Nina hasira, daftari linisamehe mwandiko.

Asubuhi nimeingia bafu la kwanza kumwonyesha Sista namba yangu nzuri. Nikafungua moto mpaka mwisho, nikachomeka kipimajoto. Hamsini na nne! Nikadhani kimeharibika. Bafu la pili: hamsini na tatu. La tatu: hamsini na tano. Maji ya kunyonyolea kuku! Sista akaniangalia juu ya miwani.

Nikamfuata Baba jikoni.

"Baba, nani amegusa koki zangu?"

"Mimi. Jumamosi. Maji yalikuwa baridi, nimeyarekebisha."

"Baridi? Yalikuwa arobaini na tatu!"

"Mama, nimeweka mkono nikahesabu hadi kumi, nikahesabu tena hadi ishirini. Baridi. Wazee wa watu utawaogesha maji ya mtungi?"

Hapo nikasema nisiyopaswa kusema. Nimesema hanitakii mema. Nimesema anaona uchungu leseni itoke kwa jina langu badala ya lake, ndiyo maana anazungusha koki nikigeuka mgongo. Nimesema, tena kwa sauti, kwamba mkono wake umepitwa na wakati.

Akaokota begi lake la vifaa. Alijaribu kufunga zipu mara tatu ikamshinda, akaondoka nalo likiwa wazi kwenye mvua.

Miaka kumi na mitano sijawahi kumpandishia sauti. Lakini mabafu yangu! Wiki tatu zimebaki!

Jumanne, 18 Juni

Hakuja. Mvua. Nimefunga bafu la nne na mdomo nimeufunga pia.

Jumatano, 19 Juni

Lazima niandike yote, nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilijua.

Baba amekuja saa nne, kanisalimu kama vile jana na juzi hazikuwepo. Nikaona haya, nikasema nimeandaa chai, kwetu ndiyo namna ya kuombana radhi. Akasema kwanza akaze kiungo juu ya tangi, kinatoa jasho. Akapanda ngazi. Akashika bomba la maji moto kwa mkono wa kushoto, lile ambalo bado halijavikwa sponji ya kuzuia joto, linalotoka tangini na nyuzi zake sitini, akazungusha spana kwa mkono wa kulia. Ananiuliza habari za harusi. Nami namjibu, bibi harusi alivaa nini, nani alikula mara mbili. Tunaongea. Tunacheka hata. Ndipo nikaona.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado pale pale.

"Baba, achia."

"Bado nusu mzunguko."

"Baba, achia bomba!"

Nilipanda ngazi nikamvuta mkono mwenyewe. Kiganja kilikuwa chekundu, kimevimba malengelenge kama karatasi iliyolowa. Aliyaangalia kwa mshangao, kama mkono ni wa mtu mwingine. Halafu akaniangalia mimi, na sijawahi kuuona uso ule kwa Baba. Aliona haya.

Sista alimkalisha kwenye kiti cha jikoni, mkono ndani ya beseni la maji ya bomba. Akamwambia afumbe macho. Akatoa kalamu ya wino, akagusa ncha ya kidole cha mkono wa kulia, ule usioungua.

"Mzee wangu, nimegusa wapi?"

"Bado hujagusa."

Akagusa cha pili. Cha tatu, hadi cha tano. Alibonyeza mpaka wino ukabaki kwenye ngozi.

"Sasa?"

"Sista, si uanze basi," Baba akasema, macho yamefumba.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nimeyaona madoa matano ya wino, vidole vitano, na nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia grisi. Skrubu. Zipu. Kikombe cha bati. Vifungo vya shati, jamani, vifungo vya shati, nami nikawacheka! Hakuzungusha koki zangu kwa wivu. Aliweka mkono akahesabu hadi ishirini kwa uaminifu wake wote, na mkono haukumwambia kitu.

"Tangu lini, Baba?" nikamuuliza.

Akafumbua macho akayaona madoa. 

"Mwaka jana mvua zilipoanza, vidole vilishika ganzi kidogo. Nikasema ni baridi," akasema. "Ningekwambia nini, mama? Fundi asiye na mkono ni mpita njia tu."

Alhamisi, 20 Juni

Zahanati. Ni sukari, imekaa mwilini muda mrefu bila kuulizwa. Wamempa dawa, wamemkataza vitu vitamu, amewauliza kama kupumua bado kunaruhusiwa. Daktari anasema sukari itashuka, lakini ganzi ya vidole asiitegemee kuondoka. Mama amelia kwenye korido. Alijua vifungo tu, hakujua mengine.

Nimempigia Baba magoti, nikamwomba radhi kwa maneno ya Jumatatu. Akasema, "Mabafu yako yaangalie, muda hauna."

Ijumaa, 21 Juni

Kipimajoto kimepotea! Juu ya kabati hakipo, mkobani hakipo. Nimemshambulia mume wangu, yule hupima kila kitu hadi uji. Anaapa hajakigusa. Sista ameniazima chake cha jikoni.

Jumatatu, 24 Juni

Baba hakuja kazini. Mama anasema ametoka alfajiri na koti la mvua na begi. Wapi? Hakusema.

Jumanne, 25 Juni

Hakuja.

Alhamisi, 27 Juni

Hakuja tena. Nikakutana naye njiani mchana, anavuka barabara huku matope yamemfika magotini. Nikamwita. Akanipungia mkono wenye bandeji akapinda kona. Baba yangu ananikimbia! Basi moyo ukaniuma wee. Niliomba radhi, nilipiga magoti, sasa nifanye nini tena? Haya mabafu ndiyo wanangu, niko la saba, na babu yao hataki hata kuja kuyatazama.

Mume wangu anasema nimwache, mtu akipoteza kitu lazima atembeetembee kwanza. Sawa, lakini ni nani atanishikia bomba?

Jumapili, 30 Juni

Yamebaki mawili. Mikono imechubuka, roho inapaa. Nimejaribu jambo jipya: nimefungua shawa, nikakimbia nikavuta maji ya choo cha jirani, nikarudi mbio kutazama kipimajoto. Hii ni kanuni kubwa: mtu akivuta choo, maji baridi yanapungua nguvu, na koki mbovu inamwagia anayeoga moto mtupu. Koki nzuri inajisawazisha yenyewe. Yangu ilipanda nusu nyuzi, ikarudi! Nimerudia mara sita kwa raha tu, mpaka Sista akauliza kama tumbo langu ni zima.

Jumatano, 3 Julai

Jua! Saa mbili nzima.

Ijumaa, 5 Julai

Tisa kati ya tisa. Arobaini na tatu zote. Skrubu za vijino nimezikaza na nimezitia rangi nyekundu, mtu akizigusa nitajua. Halafu nimekaa kwenye sakafu ya bafu la tisa nikamkumbuka Baba, nikaweka mkono chini ya maji, nikahesabu hadi kumi kwa sauti. Nikafika bila shida.

Jumatatu, 8 Julai

Kesho. Nimepanga jeshi langu la kuvuta na kufungua maji wakati wa kipimo: Mama vyoo vya chini, mume wangu vyoo vya juu, Sista masinki. Baba nimemwachia ujumbe kwa Mama: saa tatu, tafadhali.

Jumanne, 9 Julai

Mkaguzi ni kijana mwembamba mwenye sauti ndogo na viatu visivyo na tone la tope, sijui alitembea hewani. Saa tatu kamili. Baba hayupo. Nikaanza.

Akachomeka kipimajoto chake bafu la kwanza. "Fungua moto mpaka mwisho." Nikafungua. Tukasubiri. Arobaini, arobaini na mbili, arobaini na tatu, ikasimama hapo. Akaandika.

"Sasa vyoo vyote, masinki yote, baridi yote, kwa pamoja."

Nikapiga mluzi. Lo! Nyumba nzima ikanguruma! Juu mume wangu anavuta, Sista anafungua mabomba, Mama naye anapiga kelele, "Nimevuta! Nivute tena?" Arobaini na nne. Arobaini na tano. Moyo wangu ulikuwa kwenye kioo kile. Ikarudi arobaini na nne, ikarudi arobaini na tatu.

"La pili," akasema, sauti ile ile.

Hivyo hivyo mara tisa! Bafu la sita Mama alivuta kabla ya mluzi, ikabidi tungoje tangi la choo lijae huku mkaguzi akiangalia dari. Bafu la nane ikapanda arobaini na sita ikaganda. Mkaguzi akainama karibu. Ikashuka. La tisa, safi kama maji yenyewe. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbatia taulo.

"Tangi," akasema.

Akazunguka tangi. Akaifuata kwa kidole koki ya usalama, bomba lake, mpaka nje, akachuchumaa kwenye majani yaliyolowa akapima kwa rula toka mdomo wa bomba hadi ardhini. Akakaa pale muda mrefu sana.

"Nani amelifunga hili?"

"Mimi. Lakini aliyenielekeza ni fundi wangu. Kuna tatizo?"

"Nimekagua nyumba thelathini mwaka huu," akasema. "Ishirini bomba hili limezibwa, au limepindishwa juu, au halipo. Fundi wako nani?"

"Mimi hapa."

Tukageuka. Baba kasimama kwenye uzio, koti la mvua, matope mpaka kiunoni. Mkaguzi akanyanyuka upesi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Amepita?"

Mkaguzi akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Yote tisa, mzee. Na tangi."

Nilichofanya baada ya hapo sikikumbuki vizuri. Mume wangu anasema niliruka nikaangukia kwenye dimbwi, na Mama akavuta choo tena kwa furaha.

Mkaguzi alipoondoka, Baba akaingiza mkono kwenye koti. Akatoa kipimajoto changu! Kimefungwa kamba ya viatu, amekining'iniza shingoni kama daktari.

"Nimekirudisha. Nilikiazima bila kuuliza, nisamehe."

"Baba! Wiki mbili na zaidi nimemshuku mume wangu!"

Akanipa na daftari, dogo, la watoto wa shule, limelowa kingo. Mwandiko wake ule mkubwa unaoegemea kulia, siku hizi unayumba. Nimelifungua nikasoma nimesimama kwenye matope, na sasa nanakili hapa baadhi, nisisahau.

*Nyumba ya mwalimu. Shawa moja. Hamsini na mbili. Mwenyewe amenikazia skrubu, mimi nimemwelekeza. Sasa arobaini na tatu. Nimemwomba radhi.*

*Nyumba ya fundi viatu. Shawa mbili. Hamsini na tano, hamsini na moja. Amekasirika, ana haki. Nimemwomba radhi.*

*Nyumba ya dereva. Hamsini na nne. Kuna mtoto mchanga. Mama yake humwogeshea kwenye beseni, Mungu ametusitiri. Nimekaa barazani kidogo. Nimemwomba radhi.*

Nyumba ishirini na mbili. Zote mabafu yake aliyapanga kwa mkono ule tangu mvua za mwaka jana. Amekwenda kwa miguu, mlango kwa mlango, mkono una bandeji, kuwaambia watu wanaomheshimu miaka arobaini kwamba amewafungia maji ya kuunguza. Nami nilidhani amenuna!

"Kwa nini hukuniambia tuende wote?"

"Ungeacha mabafu yako." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Na zile zilikuwa kazi zangu, mama. Zimebaki nyumba kumi na moja, mlima huu wa nyuma. Skrubu zao ni ngumu. Wenye nyumba ni wazee, hawawezi kukaza."

Jumamosi, 13 Julai

Leseni imetoka. Ni kadi ngumu, ina picha yangu niliyotoka kama mtu aliyekamatwa. Nimemwonyesha Baba. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akasoma jina langu, na jina lake nyuma ya langu, la ukoo. Akasoma tena. Kisha akasema twende, tunachelewa.

Nyumba ya kwanza mlimani ni ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Alitukaribisha kwa shangwe. "Mzee Spana! Maji yako ni matamu, mwanangu, ila naoga kwa kuruka." Baba akavua kofia akamweleza yote, hakuficha hata neno moja. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi ingieni mrekebishe, nami nipike chai isiyo na sukari."

Bafuni nikafungua mshikio, nikarudisha kijino, nikakaza. Baba kashika kipimajoto, kamba shingoni, anasoma: "Hamsini. Arobaini na saba. Rudisha kidogo. Arobaini na nne. Arobaini na tatu! Acha hapo!"

Nikafunga vifaa. Yeye hakutoka. Alikuwa anaangalia maji yanavyoanguka.

"Namba naiona," akasema. "Lakini weka mkono, mama. Nihesabie."

Nikakunja mkono wa shati nikauweka chini ya maji. Akauweka wake pembeni ya wangu, ule wenye kovu jipya. Moja, nikasema. Mbili. Aliniangalia usoni muda wote, hakuyaangalia maji.

Nikafika kumi.